Zimwi Lenye Macho ya Usingizi

Kazini wanamwita Meno. Nyumbani mke wake, akikasirika kidogo, humwita Baba Mazimwi. Yote mawili amejitakia mwenyewe. Ni fundi wa meno ya bandia, na kutwa nzima yumo katika chumba cha nyuma cha zahanati ya meno, karibu na jiko dogo la kuyeyushia nta, akiwachongea vicheko watu ambao hatakutana nao kamwe. Na nje ya kazi hiyo ni mkusanyaji wa midoli.

Midoli yenyewe haipendezi. Ni mazimwi na mashujaa wa Kijapani, ya plastiki laini yenye uwazi ndani, yale yaliyokuwa yakining'inizwa vibandani zamani katika mifuko ya nailoni. Tena hata Kijapani chenyewe hakimo. Ni feki, na feki ndizo anazozitaka. Ukimletea zimwi halisi lenye chapa ya kiwanda cha Japani chini ya unyayo atalishika kwa adabu, atakupongeza, halafu atakurudishia.

Sebuleni kwake, pale ambapo majirani wameweka televisheni, kuna kabati la kioo. Ndani yake amesimama mjusi mkubwa wa rangi ya waridi, kando yake ndege mwenye meno, na mbele yao shujaa mmoja mwenye kinyago ambaye, kwa sababu nitakazozieleza, ana mkia. Wageni hucheka. Mke wake hawazuii. "Wenzangu waume zao wana michepuko," humwambia dada yake kwenye simu, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, "wangu mimi ana mijusi." Lakini mume akiwa kazini ni yeye anayelifungua kabati na kuyapangusa vumbi kwa brashi ya kupakia unga wa uso, na ole wake mtoto wa jirani atakayegusa.

Mambo haya yalianzia kiwandani. Katika mji aliokulia Meno palikuwa na bohari la mabati nyuma ya soko la mbao, na ndani yake tajiri mmoja alikuwa akitengeneza midoli ya Kijapani bila kuwauliza Wajapani. Alipata machache ya halisi, hakuna aliyejua kwa njia gani, akayatolea kalibu, yaani umbo tupu la kumiminia plastiki, akaanza kufyatua. Kitu kikinakiliwa hivyo husinyaa kidogo. Meno analijua hilo vizuri, kwa kuwa meno ya bandia nayo husinyaa. Ndiyo maana feki zote za bohari lile ni fupi kuliko wazazi wao, na sura zao zimefifia, kama sura ya mtu uliyesimuliwa tu. Rangi nazo zilikuwa za kubahatisha. Picha za mfano zilikatwa gazetini, nyeusi na nyeupe, na hapakuwa na mfanyakazi hata mmoja aliyewahi kuziona filamu zenyewe. Zimwi la kutema moto likapakwa waridi. Shujaa wa kupaa angani akavalishwa kahawia kama karani wa posta.

Wafanyakazi walikuwa wanawake. Walikaa kwenye mabenchi marefu, kila mmoja na sehemu yake ya mwili: huyu kucha, yule magamba, mwingine midomo. Mama yake Meno alipaka macho.

Jioni, langoni, walipekuliwa mikoba na mikunjo ya nguo, na mlinzi alikuwa mtu wa kazi yake. Kwa hiyo mtoto wa yule aliyepaka macho hakuwahi kumiliki zimwi hata moja. Aliyaomba, akalia, akanuna, akazoea. Badala yake mama alimletea habari. Alikaa ukingoni mwa kitanda, vidole vikinuka rangi, akamwambia leo amempaka mwenye pembe, na kwamba mwenye pembe huyo asimwogope, amempa macho mazuri. Na siri ya macho hayo alimwambia yeye peke yake. Alikuwa akiyatia kope: mstari mwembamba uliopinda juu ya mboni, kama jicho linaloanza kuzidiwa na usingizi. "Mtoto atalala na kitu hiki," alisema. "Utalalaje na mtu asiyesinzia?" Msimamizi alimkaripia, akamwambia zimwi ni la kutisha, lazima likodoe. Mama akaitikia ndiyo bwana, akaupunguza mstari mpaka ukawa mwembamba kiasi cha kutoonekana na msimamizi, aliyekuwa akiona aibu kuvaa miwani.

Mama alifariki Meno akiwa chuoni, anajifunza ufundi. Hakujua kuandika, palipotakiwa sahihi aliweka dole gumba. Nguo zake ziligawiwa, vyombo vyake vikatumika mpaka vikaisha. Ukitafuta duniani kitu ambacho mkono wake ulikigusa ukakiacha tofauti, hukioni, isipokuwa macho yale, maelfu kwa maelfu, yaliyotawanyika kwenye stoo za watu, chini ya vitanda, majalalani. Meno alikuwa akitafuta jicho moja.

Siku hizi feki zile zina wapenzi wake ulimwenguni. Wapo wanaoziandikia makala ndefu kwenye mitandao, wanaojua unene wa plastiki na harufu ya kila kiwanda, wanaoweza kukueleza kalibu ilipasuka lini na ikazibwa kwa kitu gani. Waulize nani alipaka rangi. Watakujibu kwamba mchoraji hajulikani. Hajulikani kwa nani? Alijulikana kwa watoto wake. Alijulikana kwa mlinzi aliyempekua kila jioni ya Mungu. Mtu hapekuliwi miaka yote hiyo halafu akaitwa asiyejulikana. Labda tuseme hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Meno alikuwa na mtu wa kumuuliza. Mama yake mdogo bado yu hai, na alifanya kazi benchi moja na marehemu. Kazi yake ilikuwa ya beseni: kuvilainisha vichwa kwenye maji ya moto na kuvipachika shingoni kabla havijapoa. Kila Meno alipookota zimwi kwa muuza vikorokoro, au kulitoa kwenye boksi la mtu anayehama nyumba, alilifunga kwenye gazeti na kulipeleka kwa mama mdogo, akapanda ngazi hadi chumba chake cha juu na kuketi mbele yake kama mwanafunzi anayengoja majibu.

Bibi yule alilishika mbali, akalileta karibu, akaguna.

"Si yake," alisema, mwaka baada ya mwaka. Huyu ni wa yule mrefu aliyekaa dirishani. Alikuwa anapaka huku anatazama nje, ona jicho limehama. Huyu kapakwa na mgeni. Huyu kapakwa na mtu mwenye mafua. Juu ya shujaa mwenye mkia alicheka mpaka akajifuta machozi. Kuna bingwa mmoja wa mbali aliyeandika kwamba mkia ule ulikuwa ubunifu wa kijasiri wa kiwanda. "Ulikuwa umbea," alisema mama mdogo. "Tulikuwa kwenye habari ya harusi ya mtu, nikachukua vichwa vya beseni hili nikavipachika miili ya beseni lile. Sanduku zima likaenda hivyo hivyo. Ujasiri tulikuwa nao, lakini wa midomo."

Hivyo ndivyo kabati lilivyojaa, kwa mikono ya watu wengine. Meno alijua kila zimwi lilipakwa na nani, lakini la yule aliyemtaka halikuwepo.

Kinyozi wake wa siku zote alipohamia mtaa mwingine, Meno aliingia kwa kinyozi wa kwanza aliyemwona nyuma ya zahanati: chumba chembamba chenye viti viwili, redio isiyo na mfuniko wa betri, na kioo kirefu chenye ufa uliozibwa kwa stika ya mafuta ya nywele. Akafungwa kitambaa shingoni. Mashine ikaanza kuvuma. Akainua macho kwenye kioo, na nyuma ya sura yake mwenyewe, kwenye rafu ya ukuta wa pili, kati ya kopo la poda na chupa ya vitana, akaona zimwi la kijani lenye tumbo la zambarau. Lilikuwa linasinzia.

Aligeuza kichwa ghafla. Mashine ikapita ilipopita, ikamfungulia njia nyeupe juu ya sikio.

"Sasa hiyo si mimi," alisema kinyozi kwa upole. "Hiyo umejinyoa mwenyewe."

Meno hakuuliza habari ya nywele. Aliuliza habari ya zimwi. Kinyozi, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alifurahi kupata mtu wa kumsimulia. Alinunuliwa zimwi hilo na baba yake, yeye mwenyewe akiwa mtoto, na sasa lilikuwa msaidizi wake. Watoto wanaiogopa mashine, wanapiga mayowe utadhani wanachinjwa. Lakini ukimpa mtoto zimwi hili alishike, ukamwambia tazama, huyu ananyolewa kila siku wala halii, anatulia. Alijaribu na midoli mingine, ya kisasa, ya kuwaka taa. Watoto waliitupa. Hakujua kwa nini huyu wanampenda, na sura yenyewe ile. Ila wamemtafuna mkia mpaka umepasuka.

Fundi wa meno alijisikia akisema kwamba yeye ni fundi, na mkia kama ule anaweza kuutengeneza. Hilo lilikuwa kweli. Juu ya mama yake hakusema neno. Hakuwa na nia mbaya bado. Au nia ilikuwepo, ila haijapiga hodi.

"Mchukue," kinyozi alisema, akalifunga zimwi kwenye taulo safi. "Lakini Jumamosi awe hapa, fundi. Jumamosi ndiyo siku ya watoto. Bila huyu, mtaa mzima utajua ninafanya kazi gani."

Meno alitoka na kichwa kilichonyolewa nusu nusu na taulo kifuani, akapanda ngazi za mama mdogo bila kupumua.

Mama mdogo alikuwa anachambua mchele. Akalifungua taulo. Safari hii hakulishika mbali wala karibu. Aliusogeza ungo pembeni, akafuta mikono kwenye nguo yake, mmoja kisha mwingine, akalipokea kwa yote miwili.

"Umemtoa wapi?" aliuliza. Halafu, kabla hajajibiwa, akasema, "Ni yake. Ni dada yangu huyu."

Wala hakulirudisha upesi. Alilikalisha mapajani saa zote walizokaa, akaendelea kuchambua mchele kwa mkono mmoja. Akasimulia mambo ambayo Meno hakuwahi kuyasikia: jinsi marehemu alivyokuwa akipuliza kabla ya kugusa, jinsi alivyokuwa akilala kidogo mchana na brashi mkononi, na benchi zima likikohoa msimamizi akitokea.

Nyumbani, alipolisimamisha kabatini, mke wake alisogea akatazama. Meno alisubiri mzaha. Haukuja.

"Ana usingizi, maskini," alisema mke, na akaondoka taratibu kana kwamba kuna mtoto chumbani.

Hapo ndipo nia ilipopiga hodi, na Meno akaifungulia mlango. Alikuwa na raba ya kutengenezea kalibu kazini, na mikono ya kunakili chochote chenye umbo. Angelitolea zimwi nakala, aipake rangi, aichakaze kwa chai na masizi, aitafune mkia mwenyewe ikibidi. Nakala iende kwa kinyozi. La mama libaki kabatini. Kinyozi asingejua. Watoto wasingejua. Feki ya feki, nani angelalamika? Na hoja yake haikuwa ndogo. Wengine wamepata kwa mama zao barua, picha, mashamba. Yeye anadai jicho, na jicho lenyewe liko mikononi mwa mtu ambaye hata hajui ni la nani. Mimi ningekuwa mahali pake sijui kama ningekuwa mwema zaidi.

Alingoja wenzake waende kula, akalisimamisha zimwi mezani chini ya taa, akapanga vifaa.

Sasa, katika maabara ya meno kuna jambo linalofanywa kabla ya yote. Kitu unachotaka kukitolea kalibu lazima kiwe safi, kisiwe na mafuta ya vidole, la sivyo kalibu itatoka na vishimo na jino litakuwa na chunusi. Unachukua pamba, unaichovya kwenye spiriti, unafuta. Mwanafunzi hufundishwa hilo siku ya kwanza na hupigiwa kelele mpaka mkono wake uanze kulifanya wenyewe bila kumuuliza mwenye mkono. Meno alikuwa amelifanya maisha yake yote ya kazi. Alikuwa anafikiria chai, iwe nzito kiasi gani ili ilete uzee bila kuleta uchafu. Mkono ukachukua pamba. Mkono ukachovya, ukafuta kifua, shingo, uso.

Rangi ya bohari lile ilikuwa ya bei poa, isiyovumilia spiriti. Alipotazama, upande wa kulia wa uso ulikuwa kijani kitupu. Kwenye pamba palikuwa na weusi kidogo na manjano kidogo, si zaidi ya uchafu anaoutoa mtu sikioni.

Jicho la kushoto lilikuwa bado, kwa kuwa mkono ulisimama hapo.

Mwenzake aliporudi alimkuta ameketi na pamba kiganjani, ameifungia vidole kama mtu aliyekamata kipepeo. Alimuuliza kama amepokea habari mbaya. Meno alijibu kwamba kuna kitu amekifuta. Mwenzake akacheka, akasema si ndiyo kazi yetu, na akaenda kuwasha jiko.

Miaka yote ile alikuwa akijipa moyo kwamba macho ya mama yake yako salama mahali fulani, na kwamba kazi iliyobaki ni kuyafikia. Aliyafikia. Yalivuka kiwanda, vibanda, meno ya watoto, na kopo la poda. Yalichoshindwa kuvuka ni mkono wa mwanawe.

Kesho yake alipanda tena ngazi, na safari hii alizipanda kama mgonjwa. Mama mdogo alitazama uso wa zimwi, akatazama uso wa mwana, akamwambia aketi. Akamuuliza ilikuwaje. Meno akaeleza habari ya pamba na spiriti, na kwamba alitaka kutoa kalibu apate nakala.

"Nakala ya nini?"

Ya kumbukumbu, alisema Meno.

"Na kinyozi ulitaka kumpa ipi?"

Meno akakuna njia nyeupe iliyokuwa juu ya sikio lake. Mama mdogo hakurudia swali. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda kufungua dirisha ili pawe na mwanga.

"Umekuja na rangi?" aliuliza akiwa huko huko.

Alikuwa amekuja nazo, pamoja na brashi yake nyembamba kuliko zote, ile ya kutilia vivuli kwenye meno ya mbele, na vipande vya plasta ya kutolea meno, ngumu kama chaki, vya kujaribia. Alijua kuchanganya rangi. Manjano aliipata mara moja, sawasawa kabisa na ya jicho lililobaki. Mstari wa kope ndio uliomshinda. Aliuchora ukatoka wenye hasira. Akauchora tena, zimwi likapata nyusi za mkaguzi wa shule. Mama mdogo alianza kwa kujizuia, kisha akashindwa, akacheka kwa kikohozi na machozi, na Meno naye, akiwa katika hali ile ile ya kutaka kulia, akacheka.

"Mwanangu, wewe unamtazama usoni," alisema mama mdogo alipopata pumzi. "Dada hakuwa anamtazama usoni. Mgeuze."

Meno hakuelewa.

"Kichwa chini, miguu juu. Mbane magotini. Alikuwa anaanza na kope, jicho linakuja baadaye. Wote walikuwa wanapaka jicho halafu msimamizi anawagombeza kwamba limetoka nje. Yeye alijenga ukingo kwanza. Nilikuwa nimekaa hapa, yeye hapa. Nimetazama magoti yale mpaka nikazeeka."

Alikibana kipande cha plasta magotini, juu chini. Mstari ambao ulikuwa kilima sasa ukawa bakuli. Mkono haukusukuma tena. Ulivuta kuja kwake, ukashuka na kupanda kwa uzito wake wenyewe. Ukatoka mnene. Akavuta mwingine. Mama mdogo alimshika kifundo cha mkono, vidole vyake vikavu na vyepesi, akasema polepole, hivi, na puliza kwanza. Meno alipuliza. Waliendelea hivyo mpaka vipande vya plasta vilipokwisha na macho yaliyosinzia yakawa yamejaa mezani, mengine yakiwa na usingizi kweli kweli.

Kisha akalichukua zimwi lenyewe, akaligeuza, akalibana.

Kazi ilikuwa fupi. Lakini katika ufupi ule alimjua mama yake kwa namna ambayo hakuwahi kumjua akiwa hai: kiwiko kilikuwa wapi, shingo iliinama vipi, pumzi ilishikwa lini na kuachiwa lini. Alijua kwamba maumivu ya bega la kulia aliyokuwa akiyalalamikia jioni yalitoka hapa, kwenye mvuto huu. Akatamani kumwambia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko jicho.

Mama mdogo alilitazama zimwi, la kushoto, la kulia.

"La kulia ni la kwako," alisema. "Anayemjua dada ataona. Lakini tumebaki wangapi?"

Raba ya kalibu hakuimwaga, wala nakala hakuitoa. Mkia aliushona kwa plastiki ya moto akaupiga msasa mpaka mshono ukapotea, na Jumamosi asubuhi akaenda kwa kinyozi.

Ilikuwa kama alivyoambiwa. Benchi limejaa mama na watoto, redio inapiga kelele, na mtoto mmoja wa kike, aliyeletwa kunyolewa kipara, alikuwa kitini amekwisha kuloa machozi kabla mashine haijawashwa. Meno hakungoja nafasi nzuri, kwa kuwa aliogopa angeitafuta mpaka aikose. Alisimama kando ya kinyozi akamwambia yote kwa sauti ya chini: mama yake, bohari, macho, pamba. Na nakala. Hata ya nakala alimwambia.

Kinyozi alilishika zimwi akalitazama kwa muda, huku na huku, kama mtu anayelinganisha ndevu za mteja. Ilionekana wazi kwamba haoni tofauti ya macho, na kwamba alikuwa anajitahidi kwa heshima.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "wewe na huyu mama yenu mmoja."

Meno alisema ndiyo.

"Na ulitaka kunibadilishia."

Ndiyo, alisema Meno tena.

Kinyozi akavuta pumzi. Mtu angeweza kudhani anatafuta tusi, lakini alikuwa mtu wa aina nyingine, au pengine kelele za benchi hazikumpa nafasi. Meno alimwona akilinyoosha zimwi kidogo kuelekea kwake, kama mkono unaoanza kufikiria kumpa. Angelipokea. Tusidanganyane, angelipokea kwa mikono miwili na kukimbia nalo.

Wakati huo huo yule mtoto akapiga yowe, na kinyozi, bila kufikiri, kwa mazoea ya kazi, akageuka akaliweka zimwi mikononi mwake.

Mtoto alinyamaza katikati ya sauti. Akalitazama. Hakutazama pembe wala meno wala tumbo la zambarau. Alitazama pale pale ambapo watoto wote hutazama, machoni, na polepole kope zake mwenyewe zenye machozi zikashuka kidogo, kama mtu anayejibu salamu. Mashine ikawaka. Hakushtuka. Alilikumbatia zimwi chini ya kidevu, kidole kikiwa kimezama kwenye pua yake, na nywele zikaanza kuanguka juu ya wote wawili.

Kinyozi alimtazama Meno kupitia kioo. Meno hakuomba. Aliketi mwisho wa benchi, kati ya mama mmoja na mwingine, mikono mitupu magotini.

Mtoto wa kike akashuka, akaingia mwingine. Zimwi likapita mkono kwa mkono, likadondoka, likapanguswa, likalambwa. Mchana ulipofika benchi likawa tupu. Kinyozi alilirudisha rafuni, akalisukuma kidogo mpaka likawa linatazama viti, akafagia, akageuka akamkuta fundi bado amekaa.

"Na wewe?"

"Nangoja zamu yangu."

Kinyozi alikiangalia kichwa kile, ambacho jana yake kilikuwa kimesawazishwa kwa wembe nyumbani na hakikuwa na unywele wa kushikwa. Alifungua mdomo kuuliza atanyoa nini, halafu akaufunga. Akakikung'uta kitambaa. Meno akaketi kitini, akafungwa shingoni, akainua macho kwenye kioo, na humo, juu ya bega lake, likawepo zimwi, jicho moja la mama yake, jingine lake.

"Usiharakishe," alisema.